Mvuvi ni Nani Hapo?

Wenzetu wa Uganda humwita mputa, sisi Wakenya mbuta, nao Watanzania sangara. Ni samaki yule yule, na akikomaa aweza kuzidi kilo 100. Mwezi uliopita nilimwona katika makao yake ya asili, Mto Nile, chini ya maporomoko ya Murchison, ambapo mto hujibana katika ufa wa mita 7 hivi na kuanguka zaidi ya mita 40. Maporomoko hayo ndiyo yaliyomzuia kupanda hadi Ziwa Victoria, mpaka binadamu alipompeleka huko katika miaka ya 1950.

Mgeni mmoja alikuwa amelipa fedha nyingi ili amnase kwa ndoana, apigwe picha naye, kisha amrudishe majini. Huyo nimwiteje? Mvuvi tunayemjua huvua ili ale au auze. (Lugha yetu haikumtazamia avuaye asitie chunguni!)

Lakini lililonikera si hilo. Kiongozi wake, mzaliwa wa kando ya mto huo, ndiye aliyeusoma mkondo, akachagua mwamba wa kusimama, akafunga chambo, na samaki aliponasa akamwelekeza mgeni lini alegeze uzi na lini auvute. Picha ilipopigwa, aliambiwa asogee kando.

Nilimwuliza iwapo hakuudhika.

"Mwalimu," akanijibu kwa Kiswahili chake cha jeshini, "mimi hapa ni boi tu."

Ana wajukuu wanne.