Una bima ya Mutuelle? Fahamu pa kumpata mshauri wa afya ya akili

Wakimbizi wengi waliotoka kambini na kwenda kuishi Kigali, Huye au Nyamata huuliza: nitampata wapi mtu wa kunisikiliza na kunisaidia, kwa bima niliyo nayo? Wengine huzunguka kliniki moja hadi nyingine wakitafuta jina la mshauri. Mwishowe hulipa fedha zote mfukoni, au hukata tamaa na kubaki nyumbani na shida yao.

Ni vyema kufahamu kwamba Mutuelle haifanyi kazi kwa jina la mtu. Inalipia huduma unayopewa katika kituo cha serikali, au cha dini chenye mkataba nayo, mradi umefuata ngazi. Kliniki nyingi za watu binafsi haziipokei. Kwa hiyo usianze kwa kumtafuta mshauri. Anza kwenye kituo cha afya cha eneo unaloishi.

Kwanza, hakikisha bima yako ni hai

Mutuelle inasimamiwa na RSSB tangu Julai 2015. Wakimbizi wa mijini walianza kuandikishwa mwaka 2019, na wakati huo UNHCR iliwalipia michango. Usidhani kwamba aliyelipiwa mwaka mmoja amelipiwa pia mwaka unaofuata. Mwaka wa bima huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni, na mchango huhesabiwa kwa kaya nzima. Kabla ya Julai, nenda na kitambulisho chako cha mkimbizi, uulize kama watu wote wa nyumba yako wameandikwa, hata mtoto aliyezaliwa karibuni.

Pili, fuata ngazi

1. Kituo cha afya. Mweleze muuguzi shida yako waziwazi. Ukisema tu "kichwa kinauma" utapewa dawa ya kichwa. Sema kwamba hulali, unaota vita, unashtuka ovyo, unalia bila sababu, au pombe imekuzidi. Kwa miaka mingi mwenye bima amekuwa akichangia faranga 200 katika ngazi hii.

2. Hospitali ya wilaya. Shida ikizidi uwezo wa kituo, omba karatasi ya rufaa, ambayo wengi tunaiita transferi. Hospitalini uliza huduma ya afya ya akili. Mchango wa mgonjwa hapa umekuwa asilimia 10. Kwa mfano, gharama ikiwa faranga 8,000, mwenye transferi hulipa 800. Asiye nayo anaweza kudaiwa zote 8,000.

3. Hospitali ya rufaa. Hospitali ya wilaya ndiyo inayokupeleka huko, kwa mfano Ndera. Jina hilo huwatisha watu, na wengine hulitumia kama tusi. Lakini Ndera ni hospitali kama nyingine. Watu hutibiwa na kurudi kwao.

Tatu, fahamu nani hufanya nini

Kazi ya kusaidia moyo na akili imegawanyika. Muuguzi wa magonjwa ya akili hupima na kufuatilia dawa. Mwanasaikolojia hukaa nawe na kuzungumza nawe mara kadhaa, mpaka upate nafuu. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii, yaani asistanti sosiali, hushughulikia yale yanayokuzunguka: ugomvi wa nyumbani, mtoto asiye na mlezi, mgonjwa asiye na ndugu, au deni la hospitali linalokushinda. Kama umeshindwa kulipa, mwone yeye kabla ya kuondoka. Usitoroke usiku, maana ukitoroka utaogopa kurudi siku nyingine.

Mambo ya kuuliza dirishani

Je, huduma hii inalipiwa na Mutuelle? Nitachangia kiasi gani leo? Transferi yangu inatumika mpaka lini? Nirudi siku gani? Je, kuna anayesema Kiswahili? Usimtumie mtoto wako kama mkalimani. Yako mambo ambayo mama hawezi kuyasema mbele ya mtoto wake, na yako ambayo mtoto hapaswi kuyabeba.

Pasipohitaji kusubiri

Mtu akitaka kujiua, au akiwa hatari kwa wengine, usitafute transferi kwanza. Msimwache peke yake. Ondoeni vitu vya hatari, kisha mpelekeni hospitali iliyo karibu au pigeni 912 kuita gari la wagonjwa. Aliyebakwa au kupigwa nyumbani aende kituo cha Isange katika hospitali ya wilaya. Huko matibabu, ushauri na msaada wa sheria hutolewa bure. Ajitahidi kufika ndani ya saa 72, kwa sababu dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI haifai baada ya muda huo. Hata akichelewa, aende tu, maana msaada mwingine upo.

Kwa wanaoishi kambini

Wewe uliye Mahama, Kiziba, Kigeme, Mugombwa au Nyabiheke, anza kwenye kituo cha afya cha kambi, au kwa mhamasishaji wa afya wa mtaa wako. Rufaa yako hutoka hapo. Ukihamia mjini, chukua karatasi zako za matibabu na majina ya dawa unazotumia, ili usianze upya.

Ndugu msomaji, tuliyoyaona njiani si madogo, na kuomba msaada si wazimu. Kama unamjua jirani asiyelala, msomee makala hii. Na akiogopa kwenda peke yake, msindikize mpaka kituoni.