Mbegu ya Siku Sitini: Ununue Ipi Isiolo?

Mvua ya vuli Isiolo hushika mwishoni mwa Oktoba, hupamba moto Novemba, na mara nyingi kabla ya Krismasi imeshajiendea. Anayelima Burat, Ngare Mara au Leparua bila mfereji hana muda mwingine zaidi ya huo. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kaunta ya agroveti lisiwe "kilo ni pesa ngapi?" bali "hii inatoa maua siku ya ngapi?" Wengi husoma siku za kukomaa zilizoandikwa kwenye pakiti, wakaishia hapo. Lakini ukame unaomtia mkulima hasara kubwa ni ule unaoikuta mimea ikiwa na maua.

Chukua kalenda uhesabu. Tuseme mvua imekukuta na mbegu ardhini tarehe 28 Oktoba. Ndengu aina ya N26, ile ya punje ndogo inayong'aa ambayo wafanyabiashara huiita nailoni, huanza maua kati ya siku ya 40 na ya 45. Hiyo ni karibu tarehe 9 Desemba, na udongo bado una unyevu. Ikifika mwaka mpya, siku ya 65, maganda ya kwanza yameshakuwa meusi. KS20, ndengu ya punje kubwa zaidi, hukomaa siku ya 80 hadi 90. Mvua ikivuka Krismasi itakufaa. Mvua ikikatika mapema, utavuna majani ya mbuzi.

Mahindi ya Katumani, yaliyotolewa na kituo cha utafiti cha Katumani, Machakos, miaka ya 1960, yalizalishwa makusudi kuukimbia ukame. Hata hivyo ndevu zake hutoka karibu siku ya 55 hadi 60, yaani wiki ya Krismasi. Siku hizo ndizo za hatari. Maji yakipungua, mbelewele hutoa chavua kwa wakati wake ilhali ndevu zinachelewa, chavua inapeperuka bure, na mwishowe unamenya gunzi lenye punje za kuhesabu. Mahindi chotara ya nyanda kavu, DH02 na DH04, yana hatari hiyo hiyo.

Mtama wa Gadam hukomaa siku ya 85 hadi 95, na kwa ukame una ubavu kuliko mahindi: ukikosa maji husimama, husubiri, na mvua ikirudi huendelea. Adui yake ni kweleakwelea. Punje zikiwa na maziwa ndani, ndege hao hushuka kwa makundi, na shamba lisilolindwa asubuhi na jioni linaweza kwisha kwa siku chache. Kabla ya kuusifu mtama kwa bei ndogo ya mbegu, kwa kuwa ekari moja hutaka kilo 3 au 4 tu, jumlisha ujira wa mtu wa kulinda kwa wiki kadhaa. Kama watoto wako shuleni na huna wa kuajiri, mtama si rahisi kama unavyoonekana dukani.

Kunde nazo huhesabiwa vingine. M66 hukomaa siku ya 80 hadi 90, K80 hutangulia kwa siku chache. Kwa kalenda peke yake zinashindwa na N26. Ila kunde hukulipa kabla ya kuvunwa: wiki ya tatu au ya nne unaanza kuchuma majani ya mboga, na hata mvua ikikatika kabla ya punje, sufuria imeshaona kitu na mabua yanabaki chakula cha mifugo. Kwa nyumba yenye mbuzi, jambo hilo si dogo. Aina kama M66 zimekusudiwa majani na punje pia. Ukichuma, chuma kwa kiasi na uache kichwa cha mmea, la sivyo maua yatachelewa.

Namba za pakiti zina kasoro moja ambayo muuzaji hakwambii. Siku za kukomaa hufuata joto. Katumani iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi; mji wa Isiolo uko karibu mita 1,100, na Garbatulla na Merti ni chini zaidi na kuna joto zaidi. Mbegu ile ile inaweza kutangulia kwa siku kadhaa kwako kuliko kwa shemeji yako aliye juu Meru. Usingoje tarehe iliyoandikwa. Nenda shambani ukaangalie.

Sasa pesa. Ndengu hutaka karibu kilo 6 kwa ekari. Tuseme mbegu iliyothibitishwa ni shilingi 500 kwa kilo, na ndengu ya kula inayopimwa kwa gorogoro sokoni ni shilingi 150. Tofauti ya kilo 6 ni shilingi 2,100. Ukiuza mavuno yako kwa shilingi 100 kwa kilo, tofauti hiyo inarudi kwa kilo 21. Mvua ikikubali, N26 huweza kutoa kilo 300 hadi 500 kwa ekari. Ndengu ya gorogoro kwa kawaida ni mchanganyiko wa aina tatu au nne, na hapo ndipo hasara inapojificha: nusu ya shamba inatoa maua tarehe 9 Desemba na nusu tarehe 20. Unavuna mara nyingi, unalipa vibarua mara nyingi, na mnunuzi anakukata bei kwa sababu punje hazifanani. Mbegu rahisi hiyo imekugharimu.

Wala huhitaji kununua kila msimu. Ndengu na kunde hujichavusha zenyewe, hivyo unaweza kuweka mbegu zako kwa misimu michache bila aina kuharibika sana. Katumani nayo si chotara; ukichagua magunzi ya katikati ya shamba, mbali na mahindi ya jirani, unaweza kuipanda tena. DH02 na DH04 ukizirudia mavuno yatashuka, kwa hiyo bei yake ihesabu kila mwaka, kilo 10 kwa ekari. Wenye maji ya mfereji kule Kinna, Rapsu au Malka Daka, mahindi chotara yanaweza kuwalipa. Wa mvua peke yake, sioni sababu.

Kuna vijana wanaoulizia pia mbegu za bangi za muda mfupi, zile zinazotangazwa kuwa huvunwa kwa wiki 10 hivi, hasa tangu George Wajackoyah aiweke bangi kwenye kampeni ya urais mwaka 2022. Jibu ni fupi. Kwa sheria ya mihadarati ya 1994, kuipanda ni kosa linaloweza kukufunga hadi miaka 20. Na hata sifa ya mbegu hizo, kwamba hutoa maua kwa umri bila kungoja usiku kurefuka, ina thamani Ulaya ambako mchana wa kiangazi hufika saa 16 na zaidi. Isiolo ipo karibu juu ya ikweta, mchana ni saa 12 mwaka mzima. Anayekuuzia anakuuzia dawa ya ugonjwa usio nao, na kifungo juu yake.

Mavuno yenyewe yana gharama zake, na hapa ndipo msimu mzuri huharibikia. N26 haikomai yote pamoja. Chuma maganda meusi asubuhi kabla jua halijayapasua, urudi baada ya wiki. Kwa mahindi, menya punje moja katikati ya gunzi uangalie ncha yake iliyoshika gunzi: ukiona alama nyeusi, punje imemaliza kujaa na kusubiri zaidi hakuongezi uzito, kunawaongezea nafasi ndovu na wezi. Kisha kausha juu ya turubai, si juu ya udongo. Mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu iliua watu 125, wengi wao Ukambani. Kipimo cha nyumbani kipo: tia punje kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa, uache kidogo. Chumvi ikigandamana na chupa, mahindi bado, rudisha juani.

Halafu weka kwenye mfuko usiopitisha hewa, ule wa tabaka tatu. Ndengu za Tharaka na Kitui hufika sokoni Januari na Februari, wakati mmoja na zako, na bei hushuka. Aliyehifadhi bila dawa wala fukusi ana uwezo wa kungoja. Aliyeweka gunia la kawaida atauza kwa bei ya dalali au atakuta vumbi.

Uamuzi wangu kwa ekari moja isiyo na mfereji: robo tatu N26, robo moja kunde M66 karibu na nyumba. Mtama uongeze kama una mlinzi. Mahindi waachie wenye maji. Kabla ya kupanda, funga mbegu 100 ndani ya kitambaa chenye unyevu. Zikichipua chini ya 80 baada ya siku tano, ongeza kiasi au utafute nyingine. Na kabla hujatoka dukani, kwaruza kibandiko cha KEPHIS, wakaguzi wa mbegu wa serikali, kwenye pakiti, utume namba iliyofichwa kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Jibu likija kwamba namba haijulikani, rudisha pakiti hapo hapo na udai pesa yako.