Faili ya maji ilipotelea wapi? Kisa cha kerneli, Kalundu

Wadogo zetu wa informatiki, hii ni yenu. Lakini hata wewe wa uchumi usikimbie, nitaenda pole pole.

Mwenzetu mmoja wa Kalundu, finalisti, aliamua TFE yake iwe juu ya maji. Tangu ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba za watu mwaka 2024, huku kwetu hakuna anayeangalia Tanganyika kama zamani. Akatengeneza kifaa: kipimo kinakaa kando ya maji, kinatuma ishara kwenye kompyuta ndogo yenye Linux, na kompyuta inaandika kimo cha maji kwenye faili. Usiku wa kwanza mashine ikaganda. Wa pili, ikaganda tena. Wa tatu haikuganda, ila asubuhi akanipigia simu: "Yaya, fishie haiko!" Siku tatu za mvua kubwa, na yeye anaamini hana hata namba moja.

Kipimo kilikuwa kizima. Shida ni kwamba alikuwa anaandika faili akiwa ndani ya kerneli.

Kerneli ni kiini cha mfumo endeshi: inagawa kumbukumbu, inaongea na vifaa, inaamua programu gani ikimbie sasa. (Simu yako ya Android nayo inabeba kerneli ya Linux.) Programu za kawaida zinakaa nje, na kila zikitaka faili lazima ziiombe kerneli. Kijana akawaza: kama ni kerneli inayofungulia wote, si nifungue humo humo? Na kweli inawezekana, kuna filp_open ya kufungua na kernel_write ya kuandika. Ndiyo maana wengi wananaswa.

Tuanze na kule kuganda. Ishara ya kipimo ikifika, kerneli inaacha kila kitu na kuishughulikia. Hilo ndilo katizo. Ndani ya katizo ni marufuku kusubiri, na kufungua faili ni kusubiri, kwa sababu disko ina mwendo wake. Programu ya kawaida ikikosea, inakufa peke yake. Kerneli ikikosea, inaondoka na wote.

Usiku wa tatu akahamishia uandishi kwenye foleni ya kazi ya kerneli, ambako kusubiri kunaruhusiwa. Vizuri. Lakini jina la faili alilotoa lilikuwa "maji.txt" tu, basi. Pale bandarini ukimwambia mchukuzi "peleka nyumbani", atakuuliza: nyumbani kwa nani? Jina fupi kama hilo linasomwa kuanzia kwenye folda ya yule anayeomba. Alipojaribu mchana, aliyeomba alikuwa yeye, faili ikatokea kwenye folda yake. Usiku aliyeomba ni foleni ya kerneli, na hiyo haijui folda ya mtu, inaanzia kwenye mzizi wa disko. Tuliikuta huko juu kabisa, mali ya root, yeye mwenyewe haruhusiwi hata kuifuta. Usiku mmoja ukapatikana. Zile mbili za kwanza zilikwenda.

Halafu mifano aliyonakili ilikuwa ya zamani, yenye set_fs, ujanja wa kuidanganya kerneli isikague anwani za kumbukumbu. Ujanja huo ulizaa matundu ya usalama, na toleo 5.10 la Desemba 2020 lilianza kuuondoa kwenye kompyuta za kawaida. Na tangu 2005 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wasimamizi wa Linux, alishaandika makala nzima juu ya mambo ya kutofanya ndani ya kerneli, na kusoma faili ni mojawapo. Miaka ishirini, na bado tunanakili!

Kuna pahali kerneli inasoma faili yenyewe, sikatai. Kadi ya wifi ikihitaji programu yake ya ndani, kerneli inaichukua kwenye /lib/firmware. Lakini hapo pahali panajulikana, na kuna njia rasmi, request_firmware.

Tulichofanya ni kupunguza. Moduli sasa inapokea ishara, inaweka namba kwenye foleni ndogo ya kumbukumbu, na kuionyesha kupitia /dev/maji. Kazi yake inaishia hapo. Nje kuna programu fupi ya Python inayosoma /dev/maji, inaweka saa, inaandika kwenye folda aliyoichagua mwenyewe, kisha inaita fsync. Hiyo fsync msiidharau. Bila hiyo, namba zinaweza kukaa kwenye kumbukumbu nusu dakika hivi kabla ya kushuka kwenye disko, na umeme wa kwetu mnaujua.

Sasa ana usiku tisa mfululizo. Direkta wa TFE yake amebaki na swali moja tu: kwa nini moduli imekuwa fupi hivyo.