Volani kutoka kuume kwenda kushoto: uliza fundi kabla ya kulipa

Mchimbaji akipata dhahabu kidogo kule Mangurujipa, anawaza kiwanja, kiisha anawaza gari. Na hapa kwetu, Butembo na Beni, gari ya kwanza haiko jipu. Ni Toyota ndogo ya zamani, Starlet ao Corolla, iliyotumika miaka Japani, ikashuka Mombasa, ikapita Uganda na kuingia kwa Kasindi. Inafika volani ikiwa kuume.

Shida inaanzia pale mpakani. Kenya na Uganda wanaendesha kushoto, sisi kuume. Shofere mwenye volani kuume, kwa barabara yetu, anakaa upande wa mfereji. Akitaka kupita kamyo, lazima atoe gari karibu yote katikati ndipo aone mbele. Njo maana tunasikia kila siku pasaje wa kushoto anamwambia shofere: « Pita, hakuna kitu. » Uhai wa watu wote ndani ya gari uko katika mdomo wa mtu ambaye pengine hajui kuendesha. Na njia ya Beni–Butembo, kilometa 54, iko na milima na makona ya kutosha. Basi wengi wanapeleka gari garaji ili volani ihamishwe.

Kazi yenyewe

Kuhamisha volani si kuhamisha ule mviringo tu. Nyuma yake kuna mti wa chuma unaoshuka mpaka kwa kremayeri, kile chuma cha meno kinachosukuma magurudumu ya mbele. Kuna pedali, pompu ya freni, na waya za tablo. Fundi lazima atoboe ukuta wa chuma kati ya motere na watu, kisha aukaze upya. Kwenye Toyota nyingi namba ya shasi imepigwa kwa ukuta ule ule. Mashini ya kukata ikiigusa, karatasi zako hazina maana tena.

Kuna njia tatu. Ya kwanza ndiyo nzuri: kutafuta kremayeri, pedali na tablo za gari ile ile iliyotengenezwa na volani kushoto. Toyota iliuza gari za namna hiyo Ulaya, vipande viko, ila bei inaumiza. Ya pili ni kuacha kremayeri kuume na kuivuta kwa mnyororo nyuma ya tablo. Mnyororo unalegea, volani inaanza kucheza, na siku ukikatika, hauna tena volani. Ya tatu ndiyo mbaya kupita zote: kukata mti wa volani ao kremayeri na kuunga kwa sudiri. Sudiri inaweza kuonekana safi inje, kumbe ndani iko na ufa. Ninyi wa shimoni munajua: jiwe la juu ya kichwa haliaminiwi kwa macho, linagongwa kwanza.

Tena musisahau taa. Taa za gari ya Japani zinatupa mwanga zaidi kushoto, kando ya njia yao. Kwetu, kushoto ndiko anakotoka mwenzako. Volani ikihama, taa nazo zibadilishwe.

Nguvu ya kupanda

Wengine wanataka gari ibebe muzigo wa mine. Wanatoa bwati otomatiki na kuweka ya mkono: sawa, inashika mlima vizuri. Wanatoa motere ya 1,3 ya Starlet na kuweka ya 1,5 ya familia ile ile: sawa pia. Lakini pine kubwa zinakula nguvu ya kupanda. Kuinua gari kunapinda kardani, na kardani iliyopinda inakufa mapema. Utaisikia ikilia ka-ka-ka ukikata kona.

Isitoshe, Starlet za tangu 1984 zinavutwa na magurudumu ya mbele. Ukijaza magunia nyuma, pua inainuka, na kwa matope ya mlima magurudumu yanazunguka bure. Motere kubwa haiponyeshi hiyo. Kuigeuza ivutwe na magurudumu mane ni kukata sakafu yote. Mwenye kuhitaji hiyo, afazali anunue Sprinter Carib iliyozaliwa nayo.

Maswali ya kuuliza

Mama na watoto nao waulize, juu ni wao watapanda.

- Kremayeri imetoka kwa gari gani? Ni ya kushoto kweli?
- Kuna sudiri yoyote kwa mti wa volani?
- Pompu ya freni imehamishwa, ao pedali inaisukuma kwa chuma kirefu? Kanyaga kwa nguvu: pedali isishuke polepole.
- Volani inazunguka mara ngapi kushoto, mara ngapi kuume? Kutoka katikati, hesabu iwe sawa.
- Namba ya shasi inasomeka?

Fundi akikataa kuinua gari ili uone chini, rudisha pesa mfukoni. Na kama pesa ya ile njia ya kwanza haijatimia, acha volani pale Wajapani waliiweka, badilisha taa, na tafuta shofere asiyekuwa na haraka. Gari hiyo itafikisha watu wako Beni. Ile ya kuungwa kwa sudiri, hakuna anayeweza kukuhakikishia.