Mfuko wa Maharage

Kitu cha mwisho kuingia begini ninapotoka Kizwite, Sumbawanga, kabla ya mapambazuko si lenzi. Ni mfuko wa turubai niliomshonesha fundi, umejaa kilo mbili za maharage ya sokoni. Uweke dirishani mwa gari au juu ya jiwe, kisha laza lenzi juu yake. Maharage yanajigawa, yanaikumbatia lenzi, na mkono unaotetemeka kwa baridi ya Juni hauna madhara tena. Stendi ya miguu mitatu ni nzuri, ila ndani ya gari haina pa kukanyaga. Na safari ikirefuka kuliko ulivyopanga, stendi hailiki.

Watu wakiona picha zangu huniuliza maswali mawili. La kwanza ni bei ya kamera, na hilo silijibu. La pili ni: "Ulibahatikaje?" Hili lina maana, kwa sababu bahati ipo kweli, na ina tabia zake kama mnyama mwenyewe.

Twende Mbizi. Safu hii ya milima inapakana na mji wa Sumbawanga upande wa mashariki, na katika msitu uliobaki huko wanaishi mbega wekundu, ndugu wa wale wa Gombe na Mahale, na jamaa wa kima punju wa Zanzibar. Wako hatarini kutoweka. Mbega hana kidole gumba cha kueleweka. Mkono wake ni ndoana ya vidole vinne. Chakula chake kikubwa ni majani, hasa machanga, na tumbo lake lina vyumba ambamo vijidudu huyachachusha majani hayo, karibu kama ilivyo kwa ng'ombe. Kazi hiyo inataka muda. Akishashiba asubuhi, hukaa kwenye panda ya mti, kitambi mbele, kama mzee aliyetoka harusini. Ukimkuta saa nne umepata picha ya sura, tena bila haraka. Ukitaka purukushani, uwe umefika wakati bado anakula na kuhama.

Hapo saa inawadanganya wageni. Saa zetu ni zilezile za Dar es Salaam, lakini jua linatufikia huku Ufipa nusu saa baadaye. Mwezi Juni, saa kumi na mbili na nusu Dar kunakucha. Kwetu bado ni utusiutusi, na ndani ya msitu hujui mbega yupi na tawi lipi. Mwanga wa kupigia picha huanza saa moja na kitu. Kahawa inanyweka bila pupa.

Kila mtu anataka picha ya mbega akiwa hewani. Siri yake ni kwamba kundi likihama halirukii popote. Kuna pengo kati ya miti miwili, na wa kwanza akilivuka, wanaomfuata hupenda kupita papo hapo. Mwanafunzi akimkosa wa kwanza hukasirika, hushusha kamera kuangalia alichokosa kwenye kioo, na wakati huo wa pili, wa tatu na wa nne wanapita juu ya kichwa chake. Wa kwanza ni wa kukuonyesha njia. Fokasi ifunge kwenye tawi wanaloondokea, kasi ya shata isipungue 1/1000 ya sekunde, ISO ipande mpaka 3200 hata kama picha itaota chengachenga. Chenga zinavumilika, ukungu wa mwendo hauvumiliki. Na kwa kuwa nyuma ya mbega kuna anga jeupe, kamera itamfanya kipande cha mkaa. Iambie iongeze mwanga hatua moja au moja na nusu, anga liungue likitaka.

Asubuhi moja nilikosa watatu mfululizo. Wa nne alisita ukingoni. Alikuwa mama, na kitoto kimemganda tumboni, uso wake mdogo ukichungulia chini ya kwapa. Aliliyumbisha tawi mara mbili, akalipima pengo, akajitupa mikono wazi, mkia nyuma yake kama kamba iliyokatika. Nilibonyeza. Nilichosikia baada ya hapo ni majani yakipasuka upande wa pili, na mimi mwenyewe nikicheka peke yangu msituni kama mwehu. Picha ina tawi limepita kwenye jicho la mama. Ndiyo iliyo ukutani sebuleni.

Kaskazini, Katavi, bahati inafuata maji. Kuanzia Agosti mpaka mvua zinapoanza, mto Katuma hukauka ukabaki madimbwi ya tope, na viboko kwa mamia hubanana humo kama abiria wa basi la mwisho. Hawana pengine pa kwenda: mchana ngozi yao haivumilii jua. Ute mwekundu unaowatoka, ambao watu huuita jasho la damu, ni kinga; mwaka 2004 wanasayansi wa Japani walieleza kwamba rangi yake huzuia miale ya jua na kudhoofisha bakteria. Jua likiwa chini, ute huo huwaka rangi ya waridi mashavuni. Ule mwayo mkubwa nao si usingizi, ni kuonyeshana meno, na mara nyingi mmoja akianza jirani hujibu. Mkodolee jirani. Nguo nyeusi na za bluu ziache nyumbani, maana mbung'o huzipenda kuliko wewe unavyowapenda viboko.

Katavi pia kuna korongo, yule swala mkubwa mwenye uso wa rangi mbili, na hapa lugha yetu inanifurahisha. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200, na kwenye kuta za mwamba huzaliana korongo wafukoshingo. Kwa hiyo korongo wanataga korongoni, na korongo wa tatu anakula nyasi Katavi. Mhariri mmoja aliwahi kunipigia simu akiuliza kama nimekosea maelezo ya picha.

Usidhani kupiga picha za wanyama ni mchezo tu. Mwaka 2003 watafiti walioongozwa na Tim Davenport, waliokwisha kusikia habari za kima mwenye haya kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa, walimwona kwenye misitu ya Rungwe. Alikuwa kipunji. Walipomtangaza mwaka 2005 katika jarida la Science, hawakuua hata mmoja kwa ajili ya makumbusho, kwa kuwa walionekana ni wachache mno. Kielelezo cha aina mpya kikawa picha. Mwaka huohuo, kamera iliyotegwa msituni Udzungwa ilimnasa sange ambaye vitabu havikuwa naye, mwenye uso wa kijivu. Jina la kisayansi alipewa mwaka 2008. Kamera ya kutega haina subira wala furaha, ni jicho linaloamshwa na joto la mnyama anayepita. Lakini aliyechagua mti wa kuifunga alikuwa mtu, na alikuwa amesoma nyayo.

Siku ile ya mama na kitoto nilirudi Kizwite jioni na picha 412. Nilifuta 409. Mama watoto aliuliza, "Umepata?" Nikamgeuzia kioo cha kamera. Aliitazama picha kwa muda, akasogeza kidole juu ya kile kiuso chini ya kwapa, kisha akafungua mfuko wa turubai na kuanza kuchambua mawe.