Mji Ukisemewa na Washairi Wake

Wageni wafikao Lamu hustaajabia milango ya nakshi na vichochoro vyembamba. Anayetaka kuujua mji huu kwa ndani, lakini, hana budi kuwasikiliza washairi wake.

Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, katika Al-Inkishafi, alitusawiria jirani yetu Pate baada ya fahari yake kuondoka: majumba ya matajiri yamebaki magofu, na pale palipopangwa vyombo vya thamani pamekuwa makazi ya ndege. Funzo lake lingali hai: mali huja na kuondoka, na mji usiojitambua huondoka nayo.

Haifai kudhani kwamba washairi wetu huchukia biashara au wageni. Lamu yenyewe ni mtoto wa biashara. Jahazi za msimu zilileta vyombo na vitabu, na hati zilizoandikiwa tenzi zetu ni za Kiarabu. Wakati huo, hata hivyo, mgeni alifuata ada za mwenyeji. Linalowasikitisha washairi ni kuona mwenyeji akianza kufuata ada za mgeni.

Hofu hiyo ilidhihirika katika miaka ya 1970, vijana wa Ulaya na Marekani walipomiminika visiwani. Ndipo Ustadh Mahmoud Ahmed Abdulkadir, maarufu kwa jina la Mau, alipotunga Wasiya wa Mabanati, akiwaonya mabinti juu ya hadaa za dunia inayogeuka. Shairi hilo lilienea kwa kanda za kaseti, likasikilizwa majumbani hata na wasiojua kusoma.

Tangu hapo mageuzi yamezidi. Mwaka 2001 UNESCO iliutia Mji Mkongwe wa Lamu katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ni kubwa. Lakini nyumba kadhaa za mawe, hapa na Shela, zimenunuliwa na wageni, na baadhi zimekuwa nyumba za kulaza watalii. Ukuta umehifadhiwa, mwenye ukuta amehama. Kisha ikaja bandari mpya, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Mahakama Kuu ilikwisha kuamua kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika mradi huo, na kwamba wavuvi walistahili fidia.

Sisi hatupingi maendeleo. Kijana wa Lamu anahitaji kazi, na shairi halijazi chungu. Lakini yale yaliyothibitishwa mahakamani kwa hoja za mawakili yana nasaba na yale ambayo washairi wamekuwa wakiyasema barazani: mji ni watu kabla ya kuwa mawe.

Kwa hiyo twawasihi waheshimiwa wenye dhamana ya mipango waketi na washairi na wazee kabla ya ramani kuchorwa, si baada ya utepe kukatwa. Nasi wanavisiwa tusiuze nyumba kisha tukamlaumu mnunuzi. Pate ilipata mshairi wa kuililia. Wa kwetu angali akituonya; afadhali tumsikilize kabla onyo halijawa kilio.