Majengo ya Johannesburg Yanamwambia Nini Mgeni?

Watu wetu wengi wanaohamia Johannesburg huanza kuijua kwa kuta zake: kuta ndefu zenye nyaya za umeme juu, malango ya walinzi, milango ya chuma ya maduka. Kwa familia ya Kikongo iliyopanga chumba Yeoville, au kwa mwanafunzi wa Kitanzania aliyeingia Chuo Kikuu cha Witwatersrand, jengo ni mahali pa kuomba ruhusa. Onyesha kitambulisho, andika jina kwenye daftari, sema umemfuata nani.

Lakini katika mji huohuo yapo majengo ambayo wasanifu majengo na wasanii waliyabuni pamoja, wakijiuliza tangu mchoro wa kwanza: atakayefika hapa tutamwambia nini? Baadhi yamekuwa vivutio vya watalii. Sisi tulio ugenini tuna sababu ya ziada ya kuyatembelea, na tuanze na lile lenye uzito kuliko yote.

Gereza lililogeuzwa mahakama

Kati ya Braamfontein na Hillbrow kuna kilima kiitwacho Constitution Hill. Juu yake, katika miaka ya 1890, serikali ya Paul Kruger ilijenga gereza, kisha ikalizungushia ngome. Lilitumika hadi mwaka 1983. Mahatma Gandhi alifungwa hapo, na Nelson Mandela pia. Upande wa wanawake walipita Albertina Sisulu na Winnie Madikizela-Mandela. Hata hivyo wafungwa wengi hawakuwa watu mashuhuri. Walikuwa wafanyakazi waliokamatwa barabarani kwa sababu hawakuwa na pasi, ile karatasi iliyompa mtu mweusi ruhusa ya kuwa mjini. Msomaji aliyewahi kupanga foleni alfajiri akitafuta kibali cha kuishi atajua karatasi inavyoweza kugeuka maisha yote ya mtu.

Baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, majaji waliamua Mahakama ya Katiba ijengwe palepale. Yakaitishwa mashindano ya wazi, na washindi wakawa wasanifu wa OMM Design Workshop na Urban Solutions. Jengo lilifunguliwa tarehe 21 Machi 2004, Siku ya Haki za Binadamu, inayowakumbuka watu 69 waliouawa na polisi huko Sharpeville mwaka 1960 wakiandamana kupinga pasi hizohizo.

Ili kupata nafasi, jengo la mahabusu lilibomolewa. Ngazi zake nne ziliachwa zimesimama kama minara, na matofali yake hayakutupwa. Yalitumika kujenga ukuta wa ukumbi wa mahakama na kutandika ngazi ndefu za nje zinazopita kando yake. Kwa hiyo majaji husikiliza kesi wakiwa wamezungukwa na matofali ambayo zamani yaliwafungia watu wasiokuwa bado na hukumu.

Baraza chini ya mti

Alama ya mahakama hii ni watu waliokusanyika chini ya mti. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki hatuhitaji kuelezwa maana yake: wazee chini ya mwembe au mkuyu, shauri linasikilizwa, kila mwenye neno analitoa. Wasanifu walilichukua wazo hilo na kulijenga. Ukiingia ukumbi wa mbele, nguzo hazikusimama wima. Zimeinama huku na huku kama mashina ya miti, zimepambwa kwa vipande vya vigae vya rangi. Mwanga wa jua unapenya kwenye nafasi za paa kama unavyopenya kwenye majani, na taa zimesukwa kwa waya katika umbo la majani.

Kabla ya hapo umepita mlangoni, na mlango huo unastahili kusimama kidogo. Ni wa mbao, mrefu sana, na umechongwa haki 27 zilizomo katika katiba ya nchi, kwa maandishi na kwa ishara za mikono za lugha ya viziwi. Jina la mahakama limeandikwa nje kwa rangi katika lugha 11 zilizokuwa rasmi wakati huo. Lugha ya alama ya nchi hiyo ilikuja kuwa lugha rasmi ya 12 mwaka 2023, lakini kwenye mlango huu ilikuwa imeshapewa nafasi yake miaka mingi kabla.

Anayeijua milango ya Zanzibar na Lamu atapata la kulinganisha. Nakshi za mlango wa kwetu zilimtangaza mwenye nyumba: utajiri wake, dini yake, heshima yake mtaani. Mlango wa mahakama hii unamtaja anayeingia na haki alizokuja nazo.

Ndani ya chumba cha kesi, mbele ya kila jaji kuna ngozi ya ng'ombe, na hakuna ngozi yenye mabaka sawa na nyingine: majaji 11, kila mmoja na wake, wote katika meza moja. Nyuma yao kuna dirisha jembamba na refu, limelingana na usawa wa njia ya nje. Kesi ikiendelea unaona miguu ya wapita njia. Huoni sura wala huwajui majina. Unajua tu kwamba watu wanapita, na kwamba kinachoamuliwa ndani kitawafikia huko nje.

Sanaa iliyokataa kuwa pambo

Picha na vinyago vilivyojaa kwenye ukumbi mrefu wa maonyesho vilianza na fedha kidogo. Jaji Albie Sachs na mwenzake Yvonne Mokgoro walipewa randi 10,000 za mapambo, wakazitumia zote kununua zulia la ukutani lililofumwa na Joseph Ndlovu. Baada ya hapo walianza kuwaomba wasanii, na leo kazi ni mamia, zikiwemo za William Kentridge. Sachs mwenyewe alikuwa mkimbizi kwa miaka mingi, Uingereza kisha Msumbiji. Mwaka 1988 bomu lililotegwa katika gari lake mjini Maputo na mawakala wa utawala wa ubaguzi lilimkata mkono wa kulia na kumpofusha jicho moja.

Kazi inayowasimamisha wengi ni gauni la buluu la Judith Mason, lililotengenezwa kwa mifuko ya plastiki. Linamkumbuka Phila Ndwandwe, mpiganaji wa ukombozi aliyeuawa na polisi wa usalama. Alipokuwa kizuizini alivuliwa nguo, naye akatumia mfuko wa plastiki kujisitiri. Msanii alipoisikia habari hiyo katika Tume ya Ukweli na Maridhiano, aliamua kumshonea gauni. Watoto wakubwa wanaweza kuelezwa kisa hiki. Kwa wadogo inatosha kusema ni zawadi kwa mtu jasiri.

Jengo na hukumu

Je, jengo zuri linamlinda mgeni? Mwezi uleule wa Machi 2004, mahakama hii ilitoa hukumu katika kesi ya Khosa. Walalamikaji walikuwa raia wa Msumbiji wenye ukaazi wa kudumu, waliokuwa wakinyimwa ruzuku ya serikali kwa kuwa si raia. Majaji walisema katiba inapotoa haki ya hifadhi ya jamii kwa "kila mtu", wakaazi hao nao wamo.

Lakini mwaka 2006 wakimbizi waliokuwa wakitaka kuruhusiwa kufanya kazi ya ulinzi bila masharti ya uraia au ukaazi wa kudumu walishindwa katika chumba hichohicho, majaji wakiwa wamegawanyika. Na mwezi Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilizoanzia Alexandra ziliua zaidi ya watu 60 nchini, wakati mlango wenye haki 27 ukiwa umeshasimama miaka minne. Kwa hiyo tusiseme jengo limeponya nchi. Linachofanya ni kuweka ahadi hadharani, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuidai.

Kibuyu, masanduku ya rangi na fito za alumini

Majengo mengine yanasema mambo mepesi zaidi. Uwanja wa mpira wa FNB, karibu na Soweto, ulijengwa upya kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2010 kwa umbo la kibuyu, na ukuta wake una rangi za udongo na moto. Jabulani, ndani ya Soweto, kuna Ukumbi wa Michezo ya Kuigiza wa Soweto, uliofunguliwa mwaka 2012. Ni masanduku makubwa yaliyofunikwa vigae vya rangi nyekundu, njano na buluu, na watoto huyapenda kabla hata hawajajua yamejengwa kwa ajili gani.

Rosebank kuna Circa, jumba la sanaa lililobuniwa na StudioMAS na kufunguliwa mwaka 2009. Lina umbo la yai, na limezungushiwa fito za alumini zilizosimama wima kama fito za boma. Ukisogea, nazo zinaonekana kusogea: mara ukuta umefungwa, mara unaona ndani. Katika mji wa kuta nzito, huu ni ukuta unaopitisha mwanga na upepo.

Banda lililokwenda London

Tangu mwaka 2000, karibu kila mwaka, jumba la sanaa la Serpentine mjini London humwita msanifu ajenge banda la muda katika bustani ya Kensington. Wa kwanza alikuwa Zaha Hadid. Mwaka 2017 alikuwa Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso. Mwaka 2021 zamu ilikuwa ya ofisi ya Counterspace ya Johannesburg, chini ya Sumayya Vally, aliyezaliwa mwaka 1990. Hadi wakati huo hakuna aliyepewa kazi hiyo akiwa na umri mdogo kama wake.

Vally alizitembea sehemu za London walikokutana wahamiaji: Brixton, Peckham, Tower Hamlets, Edgware Road, Notting Hill. Alitazama misikiti na makanisa, masoko, mikahawa, maduka ya vitabu, hata pale ambapo mahali penyewe pameshafungwa. Kingo, ngazi na viti vya sehemu hizo akaviunganisha kuwa banda moja la duara, lenye rangi ya waridi na kahawia. Mtu wa pwani angeliona na kusema: hizi ni baraza. Mahali pa kukaa bila kununua kitu, ukapata habari za nyumbani na habari za kazi.

Vipande vinne vya banda hilo viliwekwa nje ya bustani, katika mitaa yenyewe: kimoja katika duka la vitabu la New Beacon huko Finsbury Park, vingine Notting Hill, Deptford, na katika maktaba moja ya Dagenham. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa aliyetoka Johannesburg aliwaonyesha wenyeji wa London kwamba mji wao umejengwa pia na waliokuja.

Ukienda na familia

Mahakama ya Katiba hupokea wageni siku za kazi, na ikiwa kikaoni mtu yeyote anaweza kukaa na kusikiliza. Matembezi ya kuongozwa katika magereza ya zamani hulipiwa. Shuka kwa ngazi ndefu za matofali ukiwa na watoto, waguse matofali, waulizane yalitoka wapi. Kuingia Circa, kama majumba mengi yanayouza kazi za sanaa, hakuna kiingilio, na hakuna atakayekulazimisha kununua.

Mlangoni pa mahakama, mpe kila mtoto kazi ya kutafuta haki moja na kuieleza kwa Kiswahili. Haki ya kusoma, haki ya makazi, haki ya kuzungumza lugha yako. Wakirudi shuleni Jumatatu, watakuwa na la kusimulia kuhusu mji wanaoishi, na watalisimulia kwa lugha mbili.